Windows 11 ya bure: ni ya mashine au ni ya mwenye mashine?

SWALI: Kompyuta yangu mpakato ilikuja na Windows 10 Home. Naambiwa naweza kupanda hadi Windows 11 bila malipo. Je, ofa hiyo ina tarehe ya mwisho? Na nikinunua kompyuta nyingine, naweza kuihamishia huko?

JIBU: Ndugu msomaji, ni bure kweli, wala hutadaiwa chochote baadaye, ila anayepewa ni mashine, si wewe. Leseni iliyokuja na kompyuta kutoka kiwandani hufungamana na kompyuta hiyo, na kupanda toleo hakubadilishi hali hiyo. Ukiiuza, leseni huenda na mnunuzi. Ikifa, leseni nayo hufa. Wanaoruhusiwa kuihamisha ni wale walioinunua peke yake dukani, nao sharti waiondoe kwanza kwenye mashine ya zamani. Hata kubadilisha ubao mama kwaweza kuifanya Windows idai uthibitisho upya.

Kuhusu tarehe, nadhani mkanganyiko umetokana na ofa ya mwaka 2015, ambapo wenye Windows 7 na 8.1 walipewa mwaka mmoja tu wa kupanda hadi Windows 10, ukaisha tarehe 29 Julai 2016. (Mlango huo kwa hakika ulibaki wazi kimyakimya hadi Microsoft ilipoufunga mwaka 2023.) Ofa ya Windows 11 haikuwekewa siku ya mwisho, ingawa kampuni imejihifadhia haki ya kuisitisha. Tarehe 14 Oktoba 2025 unayoisikia ni ya kukoma kwa huduma ya kawaida kwa Windows 10, si ya kukoma kwa ofa.

Kikwazo hasa ni vifaa. Mashine inatakiwa iwe na kumbukumbu ya GB 4, hifadhi ya GB 64, prosesa iliyomo katika orodha iliyoidhinishwa, na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Hapo kwenye chipu ndipo wengi hukata tamaa mapema mno. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika tpm.msc, kisha utazame namba ya toleo upande wa chini wa dirisha litakalofunguka. Ukiambiwa chipu haipo, usiamini mara moja: mara nyingi ipo lakini imezimwa katika mipangilio ya UEFI (programu ya msingi inayoamka kabla ya Windows), ambako kwenye mashine zenye prosesa ya Intel huitwa PTT na kwenye zenye ya AMD huitwa fTPM. Prosesa isiyo kwenye orodha, kwa upande mwingine, haina dawa. Zipo mbinu za kulazimisha usakinishaji, lakini sizipendekezi, kwa kuwa mashine iliyolazimishwa haina haki ya kudai masasisho.

Home yako itabaki Home; ukitaka toleo la Pro, hilo hulipiwa.

Usipoipenda, una siku 10 za kurudi Windows 10 kupitia Mipangilio, mafaili yako yakibaki salama, ingawa programu utakazokuwa umesakinisha baada ya kupanda zitaondoka. Kurudi huko kunategemea folda ya Windows.old iliyo kwenye diski C, ambayo ni kubwa na hutamanisha kufutwa nafasi inapobana. Ukiifuta hata siku ya pili, njia ya kurudi imefungwa, na utalazimika kusakinisha Windows 10 upya kuanzia mwanzo.