Maswali ya Wasomaji: Karatasi Kwanza, Rangi Baadaye

SWALI: Ndugu Mhariri, huwa nachora jioni nikitoka kazini, hasa Mlima Meru. Nilinunua boksi la rangi za maji, rangi 24, nikachorea kwenye karatasi ya fotokopi. Picha ikikauka inapauka kama imepakwa chokaa, na karatasi inajikunja. Uwezo wangu ni shilingi 20,000 kwa mwezi. Ninunue boksi lingine?
Msomaji wa Njiro, Arusha

JIBU: Boksi liache kwanza. Badilisha karatasi.

Karatasi ya fotokopi ina gramu 80 kwa mita ya mraba. Ikilowa, nyuzi zake huvimba bila mpangilio, ndiyo maana inajikunja. Karatasi ya rangi za maji ni nene, tena hutiwa jelatini au gundi nyingine inayozuia rangi isizame upesi. Rangi ikizama, mng'ao wake nao unazama.

Tafuta ya gramu 300. Ukiipata ile kubwa ya sentimita 56 kwa 76, nunua moja tu. Ikunje nusu mara tatu ukikata kila mkunjo, utapata vipande 8 vya sentimita 28 kwa 19. Hivyo vinatosha mwezi wa majaribio. Bandika kingo zote nne kwenye ubao kwa tepu ya karatasi, ile wanayotumia mafundi rangi, na usiibandue kabla picha haijakauka kabisa, maana karatasi mbichi huchanika pamoja na tepu.

Sasa chukua rangi moja ya boksi lako, bluu kwa mfano. Pakaza mstari mmoja kwenye karatasi ya zamani na mwingine kwenye mpya, ukianza na rangi nzito na kuendelea kuongeza maji hadi ibaki kivuli tu. Subiri zikauke. Rangi za maji zote hufifia kidogo zikikauka, kwa hiyo changanya kali kuliko unavyotaka. Lakini kama hata kwenye karatasi nzuri mstari una ukungu mweupe, basi rangi yenyewe ina chaki nyingi na pigmenti, yaani unga unaotoa rangi, kidogo. Hapo hakuna ufundi utakaoiokoa.

Ikiwa hivyo, mwezi unaofuata usinunue boksi jingine la rangi nyingi. Nunua tyubu moja moja za mililita 5, ukisoma namba ya pigmenti ubavuni: bluu ya altramarini PB29, nyekundu PV19, manjano PY154, kisha kahawia ya udongo uliochomwa PBr7, ile inayoelekea wekundu. Nne hizi zinatosha kabisa. Altramarini na hiyo kahawia zikichanganywa hutoa kijivu kizuri cha mawe ya Meru, na chembe za altramarini hutulia kwenye vishimo vya karatasi zikaonekana kama mwamba. Kamulia rangi kwenye vifuniko vya chupa za maji kwa matabaka mawili, la kwanza likauke ndipo uongeze la pili. Ukijaza kwa mkupuo mmoja itapasuka na kudondoka.

Jaribio moja zaidi, nasi tunalisisitiza: paka vipande vya kila rangi, funika nusu kwa kadi nyeusi, weka dirishani kwenye jua kwa miezi miwili. Jua la Arusha, karibu mita 1,400 juu ya bahari, halina huruma. Waridi kali na zambarau ndizo hufifia kwanza mara nyingi. Rangi iliyofifia ibaki ya mazoezi. Usiitumie kwenye picha ya kumpa mtu zawadi.

SWALI: Turubai za dukani ni ghali. Naweza kutumia kitambaa cha marekani na rangi nyeupe ya ukutani, kisha nipake akriliki, zile rangi za plastiki zinazochanganywa na maji?
Msomaji wa Soweto, Moshi

JIBU: Ndiyo, kwa mazoezi. Fua kitambaa hicho kwa maji ya moto kwanza kisinyae, kipige pasi, ndipo ukikaze kwenye fremu. Chagua emalsheni, yaani rangi ya ukutani ya maji, iliyo ya kuta za nje. Nyingi za ndani za bei ya chini zina chaki nyingi na gundi kidogo. Paka kidogo kwenye kipande, kikikauka sugua kwa kidole kibichi: kidole kikitoka cheupe, rangi hiyo haifai, kwani akriliki itabanduka pamoja nayo. Tabaka la kwanza liwe jepesi, maji sehemu moja kwa rangi sehemu nne. La pili lisitiwe maji. Acha usiku mzima, kisha pitisha msasa namba 220.

Hadibodi ni rahisi zaidi, haihitaji fremu. Ndiyo aliyotumia Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi za mafuta za kung'aa. Ila usichanganye mpangilio: rangi ya mafuta juu ya akriliki iliyokauka hushika, akriliki juu ya mafuta hubanduka.

SWALI: Brashi ngapi za kuanzia?
Msomaji wa Sakina, Arusha

JIBU: Mbili: ya duara namba 8 na bapa ya inchi moja. Za akriliki zioshe papo hapo kwa sabuni na maji baridi, kisha zilaze. Ukizisimamisha kwenye kopo la maji ncha hupinda na gundi ya shina huachia.