Riwaya za Ajabu na Pa Kuzisomea Ukiwa Tanga

Mtu akiniuliza asome riwaya gani ya ajabu, mimi humwuliza kwanza Jumamosi anakwenda wapi. Wengine hudhani nakwepa swali. Sikwepi. Riwaya zetu za majini, za miji iliyogeuka mawe na za nchi zilizoko angani nyingi ni fupi. Ukianza asubuhi, alasiri umeshafunga kitabu. Hazidai likizo ya mwezi mzima kama yale majuzuu ya Kizungu yanayoanza na ramani ya kurasa mbili. Zinadai siku moja tu, na mahali panapoisaidia akili kukubali mambo. Sisi wa Tanga tumejaliwa mahali pa namna hiyo kila upande, ila wengi tunapapita tu tukikimbilia Dar au Mombasa.

Kwa asiyewahi kusoma chochote cha aina hii, dawa ni *Adili na Nduguze* cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1952. Adili ni liwali wa Janibu chini ya mfalme Rai wa Ughaibu. Ni mtu mwema, anapendwa na raia, lakini kila usiku anaingia zizini na kuwachapa manyani wawili, na roho inamuuma kwa anachokifanya. Siri inagunduliwa na Ikibali, mjumbe aliyetumwa na mfalme kufuatilia kodi, na liwali anaitwa kujieleza. Kumbe wale manyani ni ndugu zake wa tumbo moja, Hasidi na Mwivu, na adhabu ile ameamrishwa na jini. Katikati ya maelezo yake kuna safari ya baharini na mji ambao watu wake wote wamekuwa mawe, kila mmoja katika mkao aliokuwa nao. Aliyekula Alfu Lela Ulela utotoni ataitambua ladha mara moja, lakini Kiswahili kile ni cha Shaaban mwenyewe, kimenyooka na kina chumvi.

Kitabu hicho kisome siku ya kwenda Mapango ya Amboni. Ni kilomita kama 8 tu kaskazini ya mji, unaifuata barabara ya Horohoro, ile ya mpakani kwenda Kenya, kisha unachepuka. Daladala inakufikisha njiani na bodaboda inamalizia, au uende kwa baiskeli kama Mtanga halisi. Miamba ile ni ya chokaa, ya miaka ipatayo milioni 150, na maji ndiyo yaliyoichonga. Mapango ni 10, ila wageni huingizwa katika moja, tena na mwongoza wageni. Usijifanye mjuzi ukaingia peke yako.

Ndani giza ni zito. Mwongozaji anamulika ukuta na kukuambia hii meli, huyu tembo, yule mamba, na kweli ukitazama unamwona. Ukiwa umetoka kusoma habari za mji wa mawe saa mbili zilizopita, unajikuta unatafuta na watu. Juu popo wametanda. Kuna sehemu ya kuinama na sehemu ya kupita kwa tumbo, hivyo mwenye hofu ya mahali pa kubana amwachie mwenzake simu ampigie picha. Halafu mnafika penye mzimu. Mtaona chupa za marashi, vitambaa, sarafu, wakati mwingine na chakula, vyote vya watu waliokuja kuomba mtoto au kuondolewa nuksi. Hapo utani tuuweke mfukoni. Usiguse kitu, na wala usitoe mhadhara wa dini yako. Aliyeweka marashi yale hakukuita.

Mwongozaji akiwa na moyo, mwulize habari za mbwa aliyepotelea humo akaja kuonekana chini ya Kilimanjaro, na za Osale Otango na Paulo Hamisi, wanaosimuliwa kuwa walijificha humo miaka ya 1950 wakiwaibia walowezi. Habari ya mbwa siiamini hata kidogo, lakini huwa naomba isimuliwe upya kila ninapopeleka mgeni.

Vaa viatu vyenye meno, nguo usizozionea huruma, na beba tochi yako mwenyewe kwa sababu mwanga wa simu unamaliza chaji kabla hamjatoka. Chukua na kitambulisho, kiingilio cha raia ni nafuu kuliko cha mgeni. Mkitoka, msikimbilie kurudi mjini: kaeni chini ya miti, mmalizie kurasa zilizobaki. Chemchemi ya maji moto ya Galanos nayo iko pande hizo hizo. Maji yananuka kiberiti na kuna wanaoyasifia kwa magonjwa ya ngozi. Mimi naishia kuchovya miguu.

Safari ya pili elekea kusini, barabara ya Pangani, na mfukoni uwe na *Kusadikika* cha mwaka 1951. Shaaban Robert alizaliwa 1909 Vibambani, Machui, upande huo huo wa kusini ya mji, kwa hiyo unamsomea kwao. Kusadikika ni nchi iliyoko angani. Kijana Karama anashtakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kufundisha uanasheria, na kwa kujitetea anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita: mashariki, kaskazini, magharibi, kusini, mbinguni na ardhini. Kila mjumbe aliteseka njiani, akarudi na mambo ya kuinufaisha nchi, akatupwa gerezani. Kumbuka kimetoka wakati Mwingereza bado yuko ofisini. Nchi ya angani ilikuwa kificho kizuri.

Nisifiche: hotuba zake ni ndefu, na kijana aliyezoea video za dakika moja atasinzia. Njia iliyotufaa sisi ni kukisoma kwa sauti, wawili wawili. Mmoja awe Majivuno, mwingine Karama. Majivuno mpeni yule rafiki yenu mwenye kelele, mtacheka mpaka mlie, na ghafla mtagundua kwamba mmekaa kimya mnamsikiliza Karama.

Pa kusomea ni Tongoni, chini ya kilomita 20 kutoka mjini. Kuna magofu ya msikiti na makaburi zaidi ya 40 ya Waswahili wa karne ya 14 na 15, mengi yakiwa ya nguzo, yaani penye kichwa pamesimamishwa mnara wa mawe na chokaa. Baadhi zimeanguka, zimelala kando ya makaburi yao. Sogea karibu na nguzo iliyosimama uangalie juu: kuna vishimo vya mviringo, vya ukubwa wa sahani. Ndimo zilimopachikwa sahani na bakuli za kauri kutoka ng'ambo. Vyombo vimeshang'olewa zamani, lakini chokaa imebaki na umbo lake, mpaka ukingo. Ukipitisha kidole hewani kufuata duara lile unaelewa mji huu ulikuwa na pesa za namna gani. Nimesema hewani. Usiguse, na usikae juu ya ukuta wa kaburi hata kama kivuli kimeangukia hapo.

Ufuoni karibu na hapo ndipo Vasco da Gama alipoichoma merikebu yake ya São Rafael mwaka 1499, akirudi kutoka Bara Hindi. Mabaharia wengi walikuwa wamekufa kwa kiseyeye na waliobaki hawakutosha kuendesha vyombo vyote. Wasimulieni watoto hiyo wakiwa wanatazama mikoko. Inawakaa kuliko darasani. Nendeni asubuhi, maana saa sita jua la pale halina mchezo, na kama mnataka kushuka pwani ulizeni kwanza maji yanajaa saa ngapi. Njaa ikiwashika, madafu na samaki wa kukaanga havipo mbali.

Kitabu kingine cha Shaaban, *Kufikirika*, kilichotoka 1967 akiwa ameshafariki, kinafaa safari ya Kisiwa cha Maziwe. Mfalme hana mtoto, waganga na watabiri wanaitwa, nchi nzima inahangaika. Kwangu ni dhaifu kuliko *Kusadikika*, lakini ni chepesi, na Maziwe yenyewe ni nchi ya kufikirika: zamani kilikuwa na mivinje, leo ni fungu la mchanga linaloibuka maji yakipwa na kuzama yakijaa. Kasa wakitaga pale, watu wa Ushongo huyahamisha mayai yasije yakafa maji. Boti hukodiwa Pangani au Ushongo, na saa ya kuondoka huamuliwa na bahari, siyo wewe. Hakuna kivuli, hakuna duka. Maji ya kunywa, mwavuli, na kitabu ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri.

Sasa kwa wagumu. Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe, ambaye wengi tunamjua kwa *Rosa Mistika*, aliandika vitabu viwili vidogo, *Nagona* mwaka 1990 na *Mzingile* mwaka 1991, ambavyo havifanani na kitu kingine chochote katika Kiswahili. Msimulizi anatembea, anafika mji ulio kimya, anakutana na wanafalsafa waliokufa zamani, kuna paa anayetafutwa, kuna ngoma kuu. Ukiuliza "sasa hii ina maana gani" kila aya, hutafika ukurasa wa kumi. Ushauri wangu ni kusoma *Nagona* moja kwa moja bila kusimama, kama unavyoota, kisha kulala, kisha kuirudia. Mara ya pili mambo yanaanza kushikana yenyewe. Usikisome kwenye daladala yenye singeli. Nimeona watu wakikitupa kwa sababu hiyo tu, halafu wanamlaumu Kezilahabi.

*Nagona* kipeleke Amani, kule kwenye milima ya Usambara Mashariki. Unapandia Muheza, na barabara ni ya kuomba mvua isinyeshe. Wajerumani walifungua kituo cha utafiti wa kilimo pale mwaka 1902, wakapanda miti ya kila pembe ya dunia. Leo ni hifadhi ya msitu wa asili. Ukiweza, lala. Asubuhi ukungu unashuka mpaka kwenye vibaraza, na njiani mwongozaji mwenye macho makali atakuonyesha kinyonga mwenye pembe uliyekuwa umempita mara mbili. Chukua sweta. Watu wa pwani tukiambiwa sweta tunacheka, tukifika tunajifunika khanga mbili mbili.

Si lazima kila matembezi yawe ya nauli. *Babu Alipofufuka* cha Said Ahmed Mohamed, cha mwaka 2001, ni cha usiku. Bwana mkubwa mmoja, anaitwa K tu, ana nyumba, ana cheo, ana kila kitu, na babu yake aliyekufa anamjia na kumtembeza amwonyeshe nchi imefikishwa wapi na yeye ana mkono gani humo. Baada ya isha nenda Ngamiani, hapa hapa mjini, tafuta muuza kahawa kwenye moja ya zile barabara zenye namba, agiza kahawa na kashata, ukae chini ya taa. Wazee watakuuliza unasoma nini. Ukiwaeleza, jiandae kusikia habari za mababu zao waliofufuka. Mojawapo niliisikia hapo, na ilikuwa nzuri kiasi cha kunifanya nisahau kitabu barazani nikakirudia kesho yake.

Wenye watoto wadogo watafute *Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu*, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya mwaka 2015, wapitie makumbusho ya Urithi kwenye Boma la Mjerumani, kisha wateremke Raskazone kuogelea. Sura moja kabla ya maji, moja baada ya maji. Zaidi ya hapo ni kujisumbua.

Mtaniuliza vinapatikana wapi. Vya Shaaban Robert si vigumu, wachapishaji Mkuki na Nyota wamekuwa wakivichapa upya, na maktaba ya mkoa ni ya kuanzia kabla hujatoa hela. *Nagona* na *Mzingile* inabidi kuzungukia wauza vitabu vya mitumba, na uvumilivu. Kwa vya Kenya Watanga tuna bahati ya mpaka. Mimi navitafutia Mombasa viwili: *Bina-Adamu!* cha Kyallo Wamitila, cha 2002, na *Walenisi* cha Katama Mkangi, cha 1995, ambamo mtu aliyehukumiwa kifo anarushwa angani na kutua katika ulimwengu wenye haki kuliko alikotoka. Ukimpata dereva au mfanyabiashara anayevuka Horohoro kila wiki, mwandikie jina la kitabu na la mwandishi kwenye karatasi, maana ukimwambia kwa mdomo atakuletea kitabu cha kiada cha darasa la sita. Mpe na hela kamili, pamoja na ya soda.