Wetisuti au draisuti? Kwanza tuache kudanganyana kuhusu maji na joto

SWALI: Assalamu alaykum mwalimu. Mimi ni kijana wa Jambiani, nafundisha kaiti, mchezo wa ubao unaovutwa na tiara. Nimepata kazi ya msimu kaskazini mwa Ujerumani, kwenye ziwa lenye kebo ya wekibodi, yaani waya wa mtambo unaomvuta mtu aliyesimama juu ya ubao, kuanzia mwezi wa nne hadi wa tisa. Nimeambiwa nikifika maji yatakuwa kama digrii 10. Je, ninunue wetisuti, ile ya mpira inayobana mwili na kuingiza maji kidogo, au draisuti, ile isiyoingiza maji? Kuna mtu Mjini ananiuzia draisuti ya kuzamia iliyotumika kwa bei nafuu. Na rafiki yangu anasema nikichagua wetisuti nichukue saizi moja kubwa, ili maji yaingie kwa wingi yanipashe joto, kisha nijipake mafuta ya nazi kabla ya kuvaa. Nifuate lipi?

JIBU: Waalaykum salaam mdogo wangu, na hongera kwa kazi.

Nianze na huyo rafiki yako, maana maneno yake nayasikia kila msimu, Nungwi, Paje hata Mkoani, na mara nyingi yanatoka kinywani mwa mtu anayelipwa kufundisha wageni. Eti wetisuti inafanya kazi kwa kuingiza maji, mwili unayapasha moto, na hayo maji ndiyo yanayokukinga na baridi. Si kweli, na uwongo huu umewatesa watu wengi.

Joto la wetisuti linahifadhiwa na neoprini yenyewe. Ni mpira uliojaa vipovu vidogo vidogo vya gesi, na gesi iliyofungwa hivyo haipitishi joto kwa urahisi. Maji hupitisha joto kama mara 25 kuliko hewa, na kama mara 10 kuliko hiyo neoprini. Sasa niambie, kitu kinachopitisha joto mara 10 zaidi kitakukingaje kuliko vazi lenyewe? Hugh Bradner, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, alipotengeneza wetisuti mwaka 1952 kwa ajili ya waogeleaji wa jeshi la majini la Marekani, hoja yake ilikuwa hii: mtu anaweza kurowa na asipoteze joto lake, mradi vazi limefungia gesi ndani yake. Maji yanayoingia yanavumiliwa tu kwa sababu kuyazuia yote ni kazi. Na kila tone linaloingia ni lazima mwili wako ulilipie kwa joto lake. Likitoka na likaingia jengine, unalipa upya.

Ndiyo maana saizi kubwa ni balaa. Na kwako wewe ni balaa zaidi kuliko kwa mzamiaji, kwa sababu mzamiaji anashuka taratibu. Kwenye kebo unavutwa kama kilomita 30 kwa saa. Ukianguka, maji yanakupiga shingoni na mgongoni kwa nguvu. Suti iliyolegea itayapokea yote ya digrii 10, itayasambaza mpaka kwenye mbavu, halafu ukiinama kushika mpini itayasukuma nje ili anguko la pili lilete mengine. Baada ya maanguko machache umemaliza joto lako, ilhali suti ina unene wa milimita 5 na imeandikwa hivyo kifuani.

Ukiijaribu dukani, iache kavu, ivae mpaka zipu ifungwe, kisha mwambie mtu aibane neoprini kwa vidole hapo mgongoni juu ya kiuno. Akiweza kuikunja kiganjani, ivue. Tazama makwapani na kwenye mapaja ya ndani, pasiwe na mfuko wa hewa. Inua mikono juu kama unayeshika kamba. Ikivuta mabega mpaka ukaona shida kupumua, ni ndogo. Shingoni ikubane kidogo kuliko unavyopenda ukiwa nchi kavu. Mishono iwe ya gundi na sindano isiyopenya upande wa pili; ile iliyoshonwa bapa, uzi ukipita pande zote mbili, ni ya maji ya kwetu, huko itakuvujia. Nambari kama 5/4 maana yake milimita 5 kiwiliwili na 4 mikononi na miguuni.

Draisuti nayo ina uwongo wake: watu wanadhani inatoa joto. Draisuti nyingi za michezo ya juu ya maji ni kitambaa chepesi tu kisichopitisha maji, chenye lateksi (mpira mwembamba unaovutika) au neoprini ya kubana shingoni na kwenye vifundo vya mikono. Kazi yake ni kukuweka mkavu. Joto linatunzwa na nguo unazovaa ndani; suti haikupashi moto, kama vile chupa ya chai isivyochemsha chai. Ukivaa fulana ya pamba na kaptula humo ndani, utatetemeka ukiwa mkavu kabisa, kisha jasho litairowesha pamba na hali itazidi. Ndani vaa sufu au nguo za fliisi, nyembamba mbili badala ya moja nzito, ili mikono iende.

Hiyo ya kuzamia unayouziwa Mjini, iache hata kama angekupa bure. Ina vali ya kuingizia hewa kifuani, na ukiangukia kifua kwa kasi ile vali utaijua. Viatu vyake vizito vimeungana na suti, haviingii kwenye buti za ubao wa wekibodi. Halafu kwa nini ni rahisi? Lateksi ina adui wengi: jua, mafuta, joto la stoo ya bati. Ukitaka kujua hali yake, ivute ya shingoni taratibu kwa vidole viwili mbele ya mwanga. Utaona nyufa ndogo kama nywele, au itakunata na kukuachia weusi vidoleni. Hiyo imekwisha. Zipu iliyokunjwa kwa muda mrefu huvunjika meno pale pale ilipokunjwa. Anayejua kazi yake hufunga zipu, huziba shingo na mikono, huijaza suti hewa na kupaka maji ya sabuni kwenye mishono. Povu likichemka, pana tundu. Mwambie muuzaji afanye hivyo mbele yako uone atakavyojibu.

Na hata ukipata draisuti nzima, iliyotengenezwa kwa ajili ya wekibodi, mambo mawili usiyasahau. La kwanza, kabla ya kuingia majini chuchumaa, jikunyate, fungua kidogo lateksi ya shingoni kwa kidole hewa itoke, kisha iachie. Hewa ikibaki hukimbilia miguuni ukianguka, na wewe miguu yako imefungwa kwenye ubao unaoelea. Utajikuta miguu juu, kichwa chini. La pili linatokana na hilo: draisuti si jaketi la kuokolea. Kuna vijana wanavua jaketi wakisema suti inaelea. Shingo ikipasuka au zipu ikiachia, ile hewa inatoka na maji yanaingia. Hayo maji hayatakuzamisha kama jiwe, kama wengine wanavyotisha watu, lakini nguo zako zote za ndani zimerowa, na kujitoa majini na suti iliyojaa ni kazi ambayo mikono yenye ganzi haiiwezi. Vaa jaketi lenye alama ya kiwango cha ISO 12402-5 au linaloelea zaidi ya hapo. Vesti nyembamba ya kukinga pigo peke yake haitoshi.

Kwa hali yako basi. Mwezi wa nne na wa tano utasimama gatini kwa saa nyingi, umerowa, upepo unapiga, unamngoja mwanafunzi. Hapo wetisuti inakausha joto lako kwa upepo, na draisuti yenye nguo nzuri ndani ni bora. Lakini mwezi wa saba maji ya ziwa hupanda mpaka digrii 20 na kitu, na draisuti itakuwa adhabu. Muulize mwajiri kama ana draisuti za wafanyakazi. Sehemu zinazofungua mapema huenda wanazo. Wewe pesa yako inunue wetisuti moja 5/4 yenye kofia, ikukae sawasawa, na koti la upepo la kuvaa juu yake ukiwa gatini. Inunue ukifika, baada ya kuijaribu mwilini. Miguuni, soksi nyembamba za neoprini ziingie kwenye buti bila kubana. Buti ikikaza mno damu haifiki vidoleni na utaona baridi zaidi kuliko bila soksi.

Mafuta ya nazi yaache jikoni. Utando wa mafuta juu ya ngozi haukingi baridi yoyote ya maana. Wanaoogelea masafa marefu hujipaka grisi ngozi isichubuke, na watu wa pembeni wakaona wakadhani ni dawa ya baridi. Kwako yataufanya mpini ukuteleze mkononi, na lateksi yataila.

Hapa ndipo hasira yangu inapoanzia, na naomba wote mnaosoma mnisikilize, si kijana huyu peke yake. Baridi ya maji imezungukwa na waganga wa uwongo. Mmoja anauza mafuta, mwengine anakupa kidonge cha nguvu, wa tatu anasema pata pombe kidogo mwili uchemke. Pombe inatanua mishipa ya ngozi: unahisi joto kwa sababu damu ya moto imeletwa nje, inakabidhiwa maji. Ndani unapoa. Na akili inayotakiwa kukwambia toka imelegezwa. Anayekupa kinywaji kabla ya kuingia majini ni mtu wa kumkimbia.

Hizi njia za mkato zinasahau kwamba baridi inaua mapema kuliko watu wanavyodhani, na kwa sura nyengine. Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, ameeneza hesabu ya 1, 10, 1 kwa mtu aliyetumbukia kwenye maji ya baridi kali: dakika 1 ya kuidhibiti pumzi, dakika kama 10 za kuweza kutumia mikono na miguu kwa manufaa, na saa kama 1 kabla ya kupoteza fahamu kwa baridi. Wengi wanaogopa ile saa, kumbe wengi wanaokufa wanakufa mapema zaidi, hata kwenye ile dakika ya mwanzo. Ukianguka kwenye maji ya digrii 10 bila kuzoea, kifua kinavuta pumzi chenyewe, hukiamui. Mdomo ukiwa chini ya maji wakati huo, umevuta maji. Hakuna mafuta wala kidonge cha kuzuia hilo. Suti inayobana vizuri inalipunguza, na jaketi linakuweka mdomo juu mpaka lipite. Basi siku za mwanzo ingia taratibu, lowesha uso na shingo, subiri pumzi itulie, ndipo ushike kamba.

Na hapa kwetu msijione salama. Bahari yetu wakati wa kusi hushuka mpaka digrii 25 hivi, na mwili wako una 37. Mtu akikaa humo saa mbili au tatu na upepo wa Paje unampiga, anapoa, polepole lakini anapoa. Nimewaona wanafunzi wa kaiti midomo imebadilika rangi, mikono haiwezi kufungua ndoana ya mkanda, na mwalimu anawaambia jikazeni. Wazamiaji ndio zaidi: neoprini ile ile ya milimita 3 ikifika mita 20 imeminywa na maji, vipovu vimesinyaa, na kinga imepungua sana. Mgeni akisema anaona baridi chini, haringi. Mpandishe.

Nawaomba wenye skuli za kaiti na uzamiaji: suti za kukodisha zina umri. Neoprini iliyominywa miaka huwa ngumu na nyembamba, hata ikiwa bado ina rangi nzuri. Ikunje, kama inabaki na alama ya mkunjo mweupe na hairudi, ni kitambaa tu sasa. Kuibandika kwa gundi ya viatu na kumwambia mgeni "maji yakiingia ndiyo joto lenyewe" ni kumdhulumu. Wala msiwape mama zetu wanaolima mwani suti hizo zilizochoka mkaona mmewasaidia. Wao wanasimama ndani ya maji muda mrefu kuliko mgeni yeyote.

Mtu akitoka majini anatetemeka, mvueni vya maji upesi, mkausheni, mfunikeni kichwa na mwili kwa nguo kavu, mwekeni mbali na upepo. Akiwa macho na anameza vizuri, chai ya moto yenye sukari. Msimsugue mikono na miguu, msimpeleke chini ya bomba la maji ya moto. Na akiwa alikuwa akitetemeka sana, kisha ametulia, anaongea ovyo, anasema amepona anataka kulala, huyo ndiye wa kukimbizwa. Mlazeni chali, msimwendeshe kwa miguu, mtafutieni gari; kwa mashariki kusini hospitali ya Makunduchi iko karibu kuliko Mnazi Mmoja, anzieni hapo.