Ubongo wa mtoto hukamilikia nyumbani

*Mume wangu anasema akili ni ya kurithi, mama anasema ni malezi. Nani kasema kweli? (Mama, Kondele, Kisumu)*

Wote wawili, maana urithi wenyewe umeyaachia malezi kazi. Binadamu huzaliwa na ubongo wenye uzito wa takriban robo tu ya ule wa mtu mzima; wa sokwe hukaribia asilimia 40. Sehemu iliyobaki hukua nje ya tumbo, na anachosikia na kushika mtoto husaidia kuamua miunganisho ipi ya neva idumu na ipi ikatwe. Chukua sauti: mtoto wa miezi 6 hutofautisha sauti hata za lugha asizowahi kusikia. Akifika mwaka 1, sikio limeshaegemea lugha za nyumbani. Ndiyo maana anayejifunza Dholuo ukubwani hupata taabu kutenganisha "tho" (kifo) na "to" (lakini), ilhali mtoto wa hapo kwenu hakufundishwa na yeyote. Zungumza naye tangu siku ya kwanza. Akitoa sauti, mjibu, kisha nyamaza umpe zamu. Redio haimjibu.

*Kwetu tunasema Kikalenjin, Kikuyu na Kiswahili. Mtoto hatachanganyikiwa? (Baba, Nakuru)*

La. Ila akitimiza miaka 2 bila kuunganisha maneno mawili, apimwe masikio.

*Omena huongeza akili? (Homa Bay)*

Hulinda. Ubongo wa mtoto wa miaka 5 hivi hutumia zaidi ya asilimia 40 ya nishati ya mwili wake. Hapo Kanjera, eneo la mabaki ya kale huko kwenu Homa Bay, yapata miaka milioni 2 iliyopita, mababu walikata nyama kwa mawe na kupasua mifupa wapate uboho. Ubongo ni mlaji tangu kale. Omena ina madini ya chuma, na upungufu wa chuma utotoni huacha madhara ambayo dawa za baadaye huenda zisiyafute. Kuanzia miezi 6: ichambue, ioshe mchanga wote utoke, ikaushe, ikaange bila mafuta wala chumvi, isage, ichekeche, tia kwenye uji. Kinachoharibu ni chai, kwa kuwa huzuia chuma kisifyonzwe. Mtoto mdogo asipewe.

*Mageuzi ya binadamu yamekwisha? (Siaya)*

Bado. Jeni ya selimundu (ugonjwa wa chembe za damu kupinda kama mundu) imeenea kando ya ziwa kwa sababu nakala moja hukinga dhidi ya malaria kali. Nakala mbili huleta ugonjwa, unaoweza kuziba mishipa ya ubongo. Wazazi wote wakibeba moja moja, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kuleta mtoto mgonjwa, kwa hiyo pimeni damu mapema. Mtoto mwenye selimundu akipinda mdomo au mkono ukilegea ghafla, ni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama dalili imetoweka njiani.