Kutua na Cessna kwenye barafu: kasheshe inaanza matairi yakishagusa

Mkuu unayekwenda kusomea urubani Kanada, umeuliza kama ndege ndogo inaweza kutua kwenye barafu na breki zikashika. Kutua inatua. Breki sahau.

Mimi nilijifunzia Minnesota, Marekani, kwenye Cessna 172. Mtoto wa Tanga, barafu naijua ya kwenye friji tu. Nilidhani adui ni ile baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, mwalimu wangu akaniambia omba ibaki hivyo hivyo. Barafu ya baridi kali angalau inakwaruza. Ikikaribia sifuri na jua likaipiga, inatoa kijimaji juu, hapo ni sabuni. Hata taarifa za ranwei (njia ya kurukia na kutulia ndege) za Marekani zinasema hivyo, kwa namba za mshiko kuanzia 6 hadi 0: lami kavu ni 6, barafu ni 1, barafu yenye maji ni 0. Theluji iliyoshindiliwa hupewa 4 kukiwa na nyuzi 15 chini ya sifuri au baridi zaidi. Kukipata joto kuliko hapo, inashushwa hadi 3.

Siku yangu ilikuwa mchana wa Februari, kiwanja kidogo kisicho na mnara, jua safi. Upepo ulitoka kushoto, noti kama 8 (kilomita 15 hivi kwa saa), wakati wa kiangazi hata usingeuwaza. Nikaja na noti 62, flapu (vile vipande vya nyuma ya mabawa vinavyosaidia kutua taratibu) zote chini, nikagusa mwanzoni kabisa mwa ranwei kwa ulaini ambao mpaka leo sijaurudia. Nikaanza kujisifu moyoni.

Sasa sikia. Ndege ikiwa na kasi, usukani wa mkiani unapata upepo, pedali zinajibu. Kasi ikishuka usukani unakufa, kazi inabaki kwa tairi la mbele, nalo juu ya barafu halina lake. Mkia ukasukumwa kulia, pua ikageukia kushoto polepole, kama mlango unaofunguliwa na upepo. Mguu wangu ukaenda wenyewe kwenye breki. Matairi yakafunga, kasi haikupungua, ila sasa tulikuwa tunakwenda ubavu ubavu.

"Achia!" Mwalimu akakanyaga pedali ya kulia mpaka mwisho, akaongeza moto kidogo ili upepo wa propela upige usukani. Pua ikarudi. Kisha akakata mafuta injini izime, maana hata ikiunguruma taratibu propela inavuta, na juu ya barafu mvuto huo unatosha kukupeleka. Tukasimama ukuta wa theluji ukiwa mita chache kutoka ncha ya bawa. Nikashuka kuangalia, hatua ya kwanza nikaanguka chali.

Siku hizi naanza kuuliza nyuzi joto, ndipo urefu wa ranwei. Nikishagusa navuta usukani wa mkononi hadi tumboni, mwili wa ndege uzuie upepo wenyewe, na usukani huo naulaza upande unakotoka upepo, nazidisha kadiri kasi inavyoshuka. Breki naigusa kwa kidole gumba cha mguu, ndege ikiwa imenyooka tu. Upepo wa ubavuni ninaoukubali kiangazi, barafuni naukata nusu.

Halafu kitu ambacho wengi hawakisemi: ukirukia kwenye tope la theluji, breki zinaweza kugandia angani, ukatua na matairi yaliyofungwa. Huko shuleni kwenu angalia kama wakati wa baridi wanavua vile vifuniko vinavyozunguka matairi, maana tope hujaa humo likaganda. Wetu walikuwa wanavivua mapema, vinakaa stoo mpaka theluji iishe.