Ale huko huko

Mhariri, swali lenu la wiki hii lilisema: “Mgeni wako ana Jumamosi na Jumapili tu. Anataka kuona mambo ya kale, kupata hewa ya maumbile na kula vyakula vya kwetu. Utampeleka wapi Tanga ili arudi kwao amepumzika?”

Najibu kama mtu ambaye wageni wake hufikia nyumbani. Nyumba yetu iko Makorora, na ndugu wa upande wa mume wangu wametapakaa bara, Singida, Dodoma na kwingineko. Likizo ikikaribia, mmoja wao hushuka stendi ya Kange na begi mkononi na orodha kwenye simu. Orodha zenyewe hufanana: mapango ya Amboni, maji moto ya Galanos, Makumbusho ya Urithi, Raskazone, kisiwa cha Toten, magofu ya Tongoni, Pangani na boma lake la Mjerumani, na wenye moyo mkuu huongeza msitu wa Amani kule milimani. Sidharau hata mahali pamoja. Ninachokataa ni kuvishindilia vyote ndani ya siku mbili kisha tukaita mapumziko. Mtu anaamshwa alfajiri, anapakiwa garini, anashushwa, anapigwa picha, anapakiwa tena. Mchana wake ni chipsi mayai za kwenye mfuko, na anazila gari likiwa mwendoni. Watu hututania kwamba kwetu ni waja leo waondoka leo. Kwa ratiba za namna hiyo mgeni anaondoka hata kabla ya kuja.

Kwa hiyo nilipoanza kuandika, nia yangu ilikuwa kuwaambia muyatenganishe haya mambo. Mwenye kutaka kupumzika apumzike. Asubuhi ale mbaazi za nazi na maandazi, alale, alasiri ateremke Raskazone akaogelee, usiku apitie Ngamiani kwenye mishkaki na pweza, anywe kahawa na kashata, arudi kulala. Mambo ya kale ayawekee likizo ndefu.

Amboni hasa. Pango lile lina heshima yake: mawe ya chokaa ambayo wataalamu huyakadiria kuwa na umri wa miaka milioni 150 hivi, kiasi cha kilometa 8 tu kutoka mjini, na ndani yake kuna sehemu ambayo watu hadi leo wanafanyia matambiko. Kila anayeongoza wageni pale anazo habari za Osale Otango, aliyejificha humo miaka ya 1950 akisakwa na Waingereza. Lakini ni giza, popo, kuinama, pengine kutambaa. Aliyechoka hatoki mle amechangamka.

Hapo ndipo nilipotaka kuishia, ila linanijia lile la wifi yangu na Tongoni, na siwezi kulipita.

Wifi yangu ni mhasibu. Alikuja kwetu baada ya kufunga hesabu za mwaka, uso umemshuka, sauti imepungua, yuko na binti yake wa darasa la sita. Mume wangu akashauri Tongoni kwa kuwa ni karibu, kama kilometa 20 kusini kwa barabara ya Pangani. Wifi alinigeukia akaniambia, “Wifi, mimi nimekuja kupumzika, mnanipeleka makaburini?” Sikumjibu, kwa sababu moyoni nilikuwa upande wake.

Tulipanda gari la Pangani, tukashuka, tukaingia kwa miguu kupitia minazini na kwenye mihogo ya watu. Mzee mmoja wa pale alitupokea. Kabla ya kutuonyesha chochote alisimama akawatolea salamu waliolala, ndipo akatutangulia. Msikiti umebaki kuta za matumbawe na chokaa, na kibla chake bado unakiona. Unakadiriwa kuwa wa karne ya 14 au ya 15. Pembeni kuna makaburi yapatayo 40, mengine yalijengewa nguzo, na nguzo nyingi zimekwisha kuanguka. Binti wa wifi ndiye aliyeona vishimo vya mviringo kwenye mawe. Mzee akamweleza kwamba humo ziligandishwa bakuli na sahani za kauri kutoka Uchina.

“Sasa zimekwenda wapi, babu?”

“Zimebanduliwa, mjukuu wangu. Waliopita walizipenda kuliko walivyowahurumia waliolala.”

Wifi alikuwa nyuma yetu, mkono kwenye mkoba, bado hajaingia. Kilichomwingiza ni machungwa. Kutoka magofuni unaona mikoko, na nyuma ya mikoko bahari. Mzee akanyoosha fimbo huko, akasimulia kwamba mwezi wa nne mwaka 1498 jahazi moja la Vasco da Gama, São Rafael, lilikwama kwenye fungu mbele ya pwani hii. Wareno wakabaki wanangoja maji yajae. Wenyeji wakawaendea kwa vyombo viwili, kimoja kimejaa machungwa, na katika shajara ya safari ile Mreno akaandika kwamba machungwa hayo yalikuwa bora kuliko ya kwao Ureno. Mwaka uliofuata waliporudi kutoka Bara Hindi, mabaharia walikuwa wamekufa wengi, hawatoshi tena kuendesha vyombo vyote, basi São Rafael wakalichoma moto huku huku.

Mimi nimezaliwa Tanga na habari ya jahazi kuchomwa niliijua. Ya machungwa sikuwahi kuisikia. Wifi akauliza swali la mhasibu: “Waliwauzia au waliwapa?” Mzee akasema kwa watu wa pwani mgeni hukaribishwa kwanza, bei hufuata. Kuanzia hapo wifi alikuwa haachi kuuliza. Nani alizikwa na nguzo na nani bila nguzo? Maji ya kunywa waliyatoa wapi? Kwa nini mji ulikufa? Mengine mzee aliyajibu, mengine alisema Mungu ndiye ajuaye.

Njaa ikatukamata. Hatukubeba chakula, maana mume wangu alisema kijijini hatutakosa. Mzee akatupeleka kwa bibi jirani yake, tukamwamkia, tukaeleza shida yetu. Bibi akatuambia kwa upole kabisa, “Nazi haijakunwa, na samaki bado yuko baharini. Kama mna haraka, rudini mjini mkale.”

Kwenye orodha ya wifi, alasiri ile ilikuwa ya Pangani. Nilimwona akiitazama simu. Kisha akavua viatu akasema, “Bibi, hatuna haraka.”

Tulitandikiwa mkeka chini ya mwembe. Binti akapewa mbuzi akune nazi, jambo ambalo kwao hajapata kulifanya, na bibi akakaa naye kumwelekeza: akune asijigonge vidole, asifike kwenye kifuu, weusi usije ukaingia. Tui la kwanza likawekwa kando kwa ajili ya samaki, la pili na la tatu likaenda kwenye wali. Maji yalipojaa, vyombo vikaingia, kijana akaja na changu kwenye uzi. Wakabanikwa kwanza kwenye makaa, ndipo wakapakwa tui zito lenye ndimu, kitunguu saumu na pilipili, wakarudishwa motoni, wakapakwa tena. Hayo yote yalichukua muda mrefu, na wifi hakuyaona. Alikuwa amelala. Alilala pale mkekani, kuku wanampita kichwani, na mimi nilikaa karibu yake nikimpepea nzi kwa kanga. Tangu ashuke Kange sikuwa nimemwona amelala vile, hata usiku kwenye kitanda nilichomtandikia mwenyewe.

Akiwa bado usingizini likaja gari la watalii wa ndani, Watanzania wenzetu. Wakateremka, wakazunguka makaburi, wakapiga picha, mmoja akamuuliza mzee kama kuna soda baridi. Wakarudi garini wakafungua vyakula walivyonunua mjini, wakala milango ikiwa wazi, wakaondoka kuelekea Pangani. Bibi alikuwa anapuliza moto. Akasema tu, “Hata salamu hawakutuachia.”

Tukamwamsha wifi. Tukala sinia moja, kwa mkono: wali wa nazi, samaki wa kupaka, achari ya embe, na dafu baadaye. Wifi alikula mpaka bibi akafurahi. Wakati wa kulipa bibi alikataa kutaja bei, akasema tutoe tunachoona. Wifi akatoa kitu cha heshima, akakishika kiganja cha bibi kwa mikono miwili. Pangani hatukwenda.

Nimelieleza hili kwa kirefu, najua, nanyi mliuliza kwa kifupi. Ila nikiwa ninaandika nimeona kwamba msimamo nilioanza nao hausimami. Nilisema makaburi na mapumziko havipatani. Wifi alipumzika makaburini, au hatua chache kutoka makaburini, na hadi leo akipiga simu huniulizia bibi na huwasimulia watu wa kwao habari ya machungwa. Ya Galanos aliyoyaona kesho yake hayataji. Kule Tongoni alipata kukaa. Na alikaa kwa sababu chakula kilikuwa hakijaiva.

Basi swali lenu nimeligeuza kidogo. Ninyi mmeuliza mgeni apelekwe wapi, mimi nataka kujua atakula wapi. Na hapa sina upole tena. Mtu akienda kwenye mji wa kale amebeba chakula chake kutoka mjini, akala garini, akaondoka, mimi namhesabu kwamba hakwenda. Kiingilio kina njia zake kinakopita. Kwa yule bibi na kijana mwenye changu, kinachofika ni kile ambacho mgeni amekula na kulipia. Magofu yale yamezungukwa na watu walio hai, na wao ndio wanaoyaona kila siku, ndio watakaokemea mtu akibandua jiwe. Wakiona wageni wanapita mbele ya moto wao bila hata salamu, walinde kwa lipi?

Na maumbile mnayoyatafuta yako hapo hapo, hayahitaji gari la pili. Mikoko ni ile, ndege ni wale. Bahari iliyo mbele iko ndani ya hifadhi iliyotangazwa mwaka 2009 kwa ajili ya silikanti, samaki ambaye wataalamu waliamini alikwisha kutoweka pamoja na dinosaria mpaka mmoja aliponaswa Afrika Kusini mwaka 1938. Tangu miaka ya mwanzo ya 2000 wavuvi wa Tanga wamekuwa wakimkuta kwenye nyavu zao za majarife. Mgeni hatamwona, samaki huyo hukaa vilindini, lakini mvuvi wa Kigombe au Mwarongo anaweza kumsimulia alivyo, na hilo si dogo. Akibahatika kufika wakati wa bamvua, siku ambazo bahari hujaa na kukupwa sana, maji yakikupwa ataona wanawake wanavyotafuta pweza kwenye miamba. Njiani yuko Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 upande huo huo na kuzikwa Machui mwaka 1962. Anayesoma Kiswahili asipite Machui bila kusimama.

Jibu langu basi ni hili: siku moja Tongoni, kutwa nzima, ale huko huko. Siku ya pili abaki nyumbani au Raskazone, asipangiwe kitu.

Nasema hivyo nikiwa na wasiwasi wangu. Si kila siku utamkuta bibi ana nafasi, kwa hiyo mtu atangulizwe siku moja kabla, na nazi na samaki vilipiwe mapema. Wakati wa masika njia za ndani ni tope, mwenye magoti mabaya asihangaishwe. Mavazi yawe ya stara, pale ni msikitini na makaburini. Anayetaka mchanga mweupe na kulala kwenye kiti cha ufukweni Tongoni haitamfaa, maana ufuko wake ni matope na mikoko. Huyo avuke mto Pangani aende Ushongo, na asilaumiwe. Na sijui kama kijiji kingebaki vile endapo wasomaji wenu wote wangekwenda Jumamosi moja. Nendeni kwa zamu.

Amboni nayo, kama mgeni ameing'ang'ania, mpelekeni safari nyingine, asubuhi, akiwa amelala vya kutosha. Na avae viatu vya kufunga, kandambili zinateleza mle ndani.

Msomaji, Makorora, Tanga