Kabla Hujaenda Kesha, Mbwa Umemwacha Wapi?

Tarehe 3 Januari nilipata ujumbe wa msomaji mmoja wa Kisumu, pande za Migosi. Hakuanza hata na salamu. "Dada, mbwa wetu alitoroka usiku wa Mwaka Mpya, mpaka leo hajaonekana, watoto hawali. Wewe wako ulimpataje?" Halafu akaongeza swali la pili: wakimpata, je, wawe wanampa Piriton, ile dawa ya mzio inayoleta usingizi, kila fataki zikilia?

Nilimpigia simu papo hapo, maana mambo mengine hayangoji makala. Lakini lile swali la "wako ulimpataje" halijaniacha. Mnaonisoma tangu zamani mnaijua nusu ya kisa cha Bosi, ile nusu tamu: mbwa alipotea, mbwa akapatikana, picha yake akinilamba uso. Nusu ya pili sijawahi kuiandika kwa sababu mkosaji ndani yake ni mimi.

Bosi ni koko halisi. Rangi yake ni ya chai ya maziwa, sikio la kushoto limechanika tangu tulipomwokota nyuma ya vibanda hapa Section 58, Nakuru. Mwaka ule nilionywa mapema. Diwali ilipofika fataki zililia jioni nzima upande wa Milimani, na Bosi akaenda kujibanza kati ya ukuta na tangi la maji, akitetemeka mpaka bati lililoegemezwa pale likawa linagongagonga. Mimi nilicheka. Nilimrekodi kwa simu nikawatumia marafiki. Video hiyo ninayo mpaka leo. Kuifuta siwezi, kuitazama pia siwezi.

Krismasi tulienda Vihiga kwa mama mkwe, tukarudi tarehe 29. Tarehe 31, saa tatu usiku, tukajipanga kwenda kesha. Kwa kuwa wageni walikuwa wakiingia na kutoka bila kufunga geti, nilimfunga Bosi mnyororo kwenye nguzo ya kamba ya nguo. Nikamwekea maji na kichwa cha samaki. Nikamwambia, "Bosi, chunga nyumba." Nilijiona mama mwema kabisa.

Saa sita usiku kanisani tulikuwa tumesimama, mikono juu, na nje mji mzima ulikuwa unalipuka. Mchungaji alilazimika kupaza sauti. Mimi nilishangilia. Mbwa hakunijia akilini hata mara moja.

Tulirudi saa saba na nusu. Mnyororo ulikuwa chini, na mwisho wake mkanda wa shingo, bado umefungwa kwenye tundu lake la tatu. Hakuukata. Aliuvua, kwa kurudi nyumanyuma akivuta mpaka kichwa na masikio vikapita. Niliumulika kwa tochi ya simu: ndani yake kulikuwa na manyoya yaliyogandamana, na yalikuwa na unyevu. Kidole changu kilitoka na wekundu. Maji yalikuwa yamemwagika. Kichwa cha samaki hakikuguswa. Na chini ya geti, kwenye lile pengo ambalo baba watoto alikuwa ameahidi kuliziba tangu Pasaka (tumeshalizungumza, tumesameheana), udongo ulikuwa umefukuliwa kwa kucha.

Tulimtafuta siku sita. Tulibandika karatasi kwenye nguzo za stima mpaka Lanet, tukatembea kando ya ua wa hifadhi ya ziwa, tukauliza kila mwenye bodaboda. Kwenye kikundi cha WhatsApp cha mtaa nikaweka picha yake. Mtu mmoja akajibu, "Si ni koko tu? Nunueni German shepherd." Watu wanne wakamwekea kicheko. Nawajua wote wanne. Tunasalimiana, habari za asubuhi, habari za watoto. Sijasahau.

Siku ya sita akapiga simu mzee mmoja wa Free Area anayekusanya vyuma vikuukuu. Alikuwa amemkuta jana yake chini ya kontena, nyayo zimechubuka. Alipojaribu kumvuta, Bosi akamng'ata kidole gumba. Hata hivyo mzee alimfunga kamba, akampa ugali, akatafuta namba yangu kwenye karatasi. Nilipofika aliniuliza kitu kimoja tu: "Mama, huyu ana chanjo?"

Nikasema ndiyo.

Nilifika nyumbani nikafungua kadi. Chanjo ya kichaa cha mbwa ilikuwa imeisha Oktoba. Niliketi na ile kadi mkononi, Bosi amelala miguuni pangu, na sitawadanganya, kwa dakika kadhaa nilifikiria kunyamaza. Kisha nikampigia daktari wa mifugo. Akaniambia, kwa ukali niliostahili, kwamba dalili za ugonjwa huo zikishajitokeza kwa binadamu karibu hakuna anayepona. Jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, hata kama siku imepita, na mzee apelekwe hospitalini aanze sindano bila kungoja. Mbwa akae chini ya uangalizi kwa siku 10: akiwa hai na mzima baada ya hapo, basi siku aliyong'ata hakuwa na virusi kwenye mate.

Nilirudi Free Area usiku uleule. Nilimwambia mzee ukweli mbele ya mke wake. Hakunitukana, na ningefarijika kama angenitukana. Pesa za zawadi alizikataa, gharama za sindano alizikubali. Zile siku 10 nilikuwa naamka alfajiri kumtazama Bosi kama anakunywa maji.

Alikuwa mzima. Miezi iliyofuata nairuka, mliozoea kunisoma hamtapoteza kitu.

Sasa nije kwa mwaka huu, maana nina la kujivunia. Usiku wa Mwaka Mpya uliopita, saa sita kamili, Bosi alikuwa amelala chali kwenye stoo yetu, mguu mmoja juu, akikoroma.

Nilianza Septemba. Nilipakua sauti za fataki, nikawa nazicheza kwa simu chinichini huku nikimpa vipande vya maini. Wiki hadi wiki nikiongeza sauti kidogo tu. Akiacha kula, narudi nyuma. Tarehe 31 saa kumi jioni nilimtembeza mpaka ulimi ukaning'inia, nikamlisha mapema, na kabla giza halijaingia alikuwa ndani. Narudia: ndani, kabla ya giza. Stoo yetu iko katikati ya nyumba na haina dirisha. Nilimtandikia blanketi lake la zamani ambalo sikulifua, nikafungulia redio miziki ya zilizopendwa, na geti likafungwa kwa kufuli. Pengo la chini tulishaliziba kwa saruji. Hata ukiwa na mbwa mtulivu kama mzee wa kanisa, funga geti.

Na mimi nilibaki nyumbani. Kesha sikwenda. Mchungaji ameniuliza, nami nikamjibu.

Watu hudhani mbwa anajitia uoga. Sikio la binadamu huishia sauti nyembamba za kama hezi 20,000, yaani mitetemo 20,000 kwa sekunde. La mbwa hufika kama 45,000, na la paka hupita hapo. Halafu wewe unajua ni Mwaka Mpya. Yeye hana kalenda. Wapo pia wanaokwambia usimbembeleze mbwa aliyeogopa, eti utamdekeza. Hofu haikui kwa kubembelezwa. Akija kwako, mkalie karibu, mshike. Akitaka kujificha chini ya kitanda, mwache hapo, usimvute. Muulize mzee wangu wa Free Area.

Kuhusu Piriton, dada wa Migosi, na wengine wote mnaouliza: usimpe mnyama dawa ya binadamu kwa kukisia. Panadol moja tu inaweza kuua paka, kwa sababu ini lake haliwezi kuivunja. Hata za mifugo si zote sawa. Ipo dawa ya kutuliza ambayo hulegeza mwili tu, mbwa akalala kama gogo huku masikio yanasikia kila kitu na hofu iko palepale. Nenda kwa daktari wa mifugo mwanzoni mwa Desemba, si tarehe 31 jioni. Mimi niliwahi kwenda tarehe 31 jioni. Nilikuta kufuli mlangoni.

Ukisoma ushauri wa Uingereza utaambiwa umvishe mbwa sweta na umfute nyayo chumvi ya kuyeyusha theluji. Hapa Nakuru Desemba ni jua na vumbi, na Kisumu ndiyo usiseme. Mbwa hupoza mwili kwa kuhema, hana jasho la kumsaidia. Gari lililofungwa vioo, hata kwa dakika 10 mnaponunua mkate, linageuka tanuri. Tukienda Vihiga Bosi hali chochote asubuhi, asije akatapika, na ile foleni ya Salgaa inapogoma tunashuka naye kwa kamba anywe maji. Anavaa mkanda wa kifua, ule unaozunguka mabega. Wa shingo peke yake sitaki hata kuuona.

Ushago, kule kijijini, kuna vita vingine. Mama mkwe aliponiona namwingiza Bosi ndani alisimama mlangoni na leso yake: "Mama, mbwa kulala nyumba moja na watu?" Nikamwambia, "Ni usiku wa leo tu, Mama, nisamehe." Akasema sawa, lakini asikaribie jikoni. Hapo alikuwa sahihi kuliko alivyojua. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika vipande vikali kama sindano na kutoboa matumbo. Kachumbari ina vitunguu, na vitunguu huharibu chembe nyekundu za damu za mbwa na paka. Keki ya Krismasi ina zabibu kavu, ambazo zinaweza kuua figo za mbwa. Chokoleti nayo ni sumu kwao, na kadiri ilivyo nyeusi ndivyo ilivyo mbaya zaidi. Watoto wa shemeji zangu ni kumi na mmoja, na kila mmoja ana huruma na kipande mkononi. Niliwaketisha nikawaambia: atakayetaka kumlisha Bosi aje kwangu nimpe cha kumlisha. Ilifanya kazi kwa muda wa saa moja hivi.

Paka wetu, Madam, hatusafiri naye. Wageni wakija namfungia chumba cha kulala na sinia lake la mchanga kabla hodi ya kwanza haijapigwa, la sivyo anaingia darini na hatoki mpaka Jumatatu. Zile kamba za kumetameta za mti wa Krismasi tumeacha kununua. Paka huzimeza kama uzi, zikakunja matumbo kama kamba ya suruali inavyokunja kiuno.

Na sasa niruhusuni nihubiri kidogo, si kesha sikwenda. Kuna nyumba mtaani kwetu ambapo kila Desemba wenyewe wanaenda ushago wiki mbili na kumwachia soja, yule mlinzi wa geti, unga wa kumpikia mbwa. Soja naye ana mama, naye anataka kwenda Krismasi. Mwaka juzi tulimsikia yule mbwa akilia usiku nne mfululizo, tukarusha mkate juu ya ukuta. Wenyewe waliporudi walipiga picha wakiwa wamemkumbatia, "tumemmiss sana." Kama hauna mtu wa kumwachia, kama hauna pesa za chanjo, kama geti lako lina pengo, usichukue mbwa. Na msimpe mtoto kitoto cha mbwa siku ya Krismasi kama vile mnampa baiskeli. Baiskeli haisikii fataki.

Najua nimekuwa mkali. Niliyemkosea zaidi analala hapa chini ya meza ninapoandika.

Dada wa Migosi ameniandikia tena jana jioni: mbwa bado. Nimemwambia aangalie chini ya vitu, si juu ya barabara. Magari yaliyokufa, makontena, mitaro. Atoke alfajiri kabla pikipiki hazijaanza, aende na yule mtoto ambaye mbwa anamfuata zaidi, na waite kwa sauti ya kawaida, ile ya kumwitia chakula. Wabebe nguo isiyofuliwa waiache getini. Wakimwona wachuchumae, wasimkimbilie, wasimvute. Na kadi ya chanjo waitazame leo, kabla ya mtu yeyote kuwauliza. Amesema kesho saa kumi na moja alfajiri wanatoka, yeye na kijana wake mkubwa, kuelekea Mamboleo. Simu yangu sitaizima.